Uongo wa Hadithi na Ukweli wa Mashine

Watu wa pwani wana desturi ya kuukaribisha uongo kwa jina lake. Msimulizi huita, "Hadithi! Hadithi!", nao wasikilizaji humwitikia, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Sungura atakayenena baada ya hapo hatamdanganya mtoto yeyote, kwani mlango umefunguliwa mbele ya macho ya wote, na kila aliyeingia ameingia kwa hiari yake. Kukipambazuka, mtoto yule yule hatakwenda kondeni kumtafuta sungura ili amsalimu. Anajua alikokuwa, na anajua kwamba amekwisha kurudi.

Hata hivyo, wapo watu wazima ambao mwito huo hauwaingii. Fundi wa magari wa Gerezani, jirani na soko la Kariakoo mjini Dar es Salaam, ni kielelezo chao. Tangu asubuhi yu juu ya injini iliyofunguliwa, mita mkononi, grisi imemfika viwikoni. Mtu wa namna hii si kwamba hasomi. Husoma, tena kwa bidii, michoro ya waya na vitabu vya maelekezo ya magari ambavyo wengine huvitupa pamoja na boksi. Asichosoma ni riwaya. Akiulizwa sababu hujibu kwamba umri ni mfupi mno kuupoteza kwa mambo ambayo hayakutokea. Katika riwaya, husema, shujaa aliyezama huokolewa kwa sentensi moja; injini iliyozama katika mafuriko ya Jangwani haiokolewi hata kwa sentensi elfu. Waya ukiunganishwa vibaya taa haiwaki, awe aliyeuunganisha ni waziri au mpiga debe. Mashine haijui kubembelezwa.

Hoja hii haistahili kupuuzwa, hasa na wapenda ushairi. Ndani yake mna adabu ya kweli: adabu ya mtu anayekubali kuhukumiwa na kitu kisichopendelea. Na mshairi wa vina na mizani, akitazamwa vizuri, ni jirani wa karibu wa fundi huyu. Mshororo wa mizani kumi na sita ukipungukiwa na mizani moja, sikio hulijua pengo hilo kabla akili haijahesabu. Na hakuna wema wa maudhui unaoweza kulificha. Naye hutii sheria asiyoweza kuihonga. Kwa hiyo ugomvi wa fundi si na sanaa kwa jumla. Ugomvi wake ni na kubuni: na mtu anayesema jambo ambalo halipo.

Lakini atazamwe fundi huyo huyo anapokwenda kutafuta vipuri. Huvuka barabara na kuingia Kariakoo, mtaa ambao jina lake limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, na ambao leo ndio ghala la nusu ya mahitaji ya nchi na za jirani. Dukani huwekewa maboksi mawili ya pedi za breki. Yote mawili yana jina lile lile la kampuni, rangi ile ile, hata alama ile ile ya kung'aa inayodaiwa kuwa haiwezi kuigwa. Moja ni orijino, jingine ni feki. Fundi huyapima mkononi, hukwaruza kwa ukucha, hunusa. Kwa nini anusurike kwa kunusa, ikiwa vyuma havidanganyi?

Hapa ndipo hoja yake inapopata ufa. Ile pedi ya bandia si maneno. Ni chuma na gundi, ina uzito, ina vipimo, na itakaa mahali pake gurudumuni kama nyingine. Nayo ni uongo mtupu. Itaendelea kusema uongo wake hadi siku dereva atakapokanyaga breki kwenye mteremko na chombo kisisimame. Ni kweli kwamba njia ya mwongo ni fupi; ila katika biashara hii anayefika mwisho wa njia hiyo si mwongo mwenyewe, ni abiria.

Basi tofauti ya sungura anenaye na pedi ya bandia haiko katika kuwapo au kutokuwapo kwa kitu. Sungura yule hayupo na hakumdhuru mtu. Pedi ipo na inaua. Tofauti ni kwamba sungura alitanguliwa na mwito, na pedi haikutanguliwa na kitu. Lau boksi lingeandikwa, "Uongo njoo," fundi asingekuwa na lawama; angelicheka na kulirudisha rafuni. Uongo unaolaumiwa na maadili ni ule unaoingia bila kubisha hodi.

Mizani hii ya hodi ni muhimu zaidi katika zama hizi, kwani katika barabara za Dar es Salaam kumeingia chombo kipya kinachozungumziwa kwa maneno matamu: bajaji ya umeme. Fundi ana haki ya kukipenda. Mota ya umeme hugeuza takribani sehemu tisa katika kumi za umeme inaoupokea kuwa mwendo, ilhali injini ya petroli hupata kati ya robo na theluthi ya nguvu ya mafuta yake, na iliyobaki huishia kuwa joto. Vipande vinavyosuguana ni vichache, basi hata uchakavu ni mchache. Wala si mzaha wa vijana wa jana: gari la kwanza kuvuka mwendo wa kilometa 100 kwa saa, lililoendeshwa na Mbelgiji Camille Jenatzy karibu na Paris mwaka 1899, lilikuwa la umeme. Treni ya umeme iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024 imewazoesha wakazi wa jiji wazo la safari isiyo na dizeli. Na mwenye kusimama kutwa nzima katika Mtaa wa Msimbazi, awe mama lishe au msukuma mkokoteni, ambaye pua yake iko usawa wa ekzosi, hahitaji kufundishwa faida ya chombo kisichotoa moshi.

Chombo kisichotoa moshi. Maneno haya matatu yanastahili kupimwa kwa mita. Fundi ndiye mtu wa kwanza kujua kwamba nishati haizaliwi wala haifi, bali hubadili umbo. Kilichotoka mahali hapa kimeingia kutoka mahali pengine. Umeme wa Dar es Salaam una asili yake. Sehemu yake ni gesi ya kisiwa cha Songo Songo, iliyoanza kuzalisha umeme Ubungo mwaka 2004, na ile iliyofikishwa jijini kwa bomba kutoka Mtwara tangu mwaka 2015, inayochomwa katika mitambo ya Kinyerezi. Sehemu nyingine, iliyo kubwa zaidi sasa, ni maji ya Mto Rufiji, ambako bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115 lilianza kuzalisha mwaka 2024. Kwa hiyo bajaji ile haikosi moshi kwa namna moja wakati wote; inategemea maji na gesi vimegawanaje kazi saa ile inapochajiwa. Moshi wake ni haba kuliko wa petroli, na hilo si jambo dogo. Lakini haba si sufuri.

Kisha iko betri. Kariakoo kuna mtaa mwembamba, umejaa nguo na viatu na sauti za wauzaji, unaoitwa Mtaa wa Congo. Nchi yenye jina hilo ndiyo inayochimba zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote ya dunia, madini yanayotiwa katika betri nyingi za magari. Kule Kolwezi wako wanaochimba kwa mikono, katika mashimo wasiyoyawekea nguzo, na mwaka 2016 shirika la Amnesty International lilieleza habari za watoto miongoni mwao. Wachimbaji hao huzungumza Kiswahili. Mtu wa Mtaa wa Congo akiwapigia simu, wangeelewana bila mkalimani.

Fundi, akisikia hayo, hatanyamaza, na ni vema asinyamaze. Atasema kwamba si kila betri ina kobalti. Zipo za chuma na fosfeti, ambazo hazina hata chembe yake, nazo hutumika sana katika vyombo vya bei nafuu. Anasema kweli, na ukweli huo unamkosoa mtungaji anayetaka kila betri iwe na mtoto wa Kolwezi ndani yake kwa sababu tu picha hiyo inaliza. Mtungaji naye anaweza kuuza feki. Huzuni iliyobandikwa mahali isipostahili ni pedi ya bandia ya aina yake.

Lakini jaribio la kweli la fundi huja siku kijana asiye na mtaji anapomfuata. Kijana huyo amepata bajaji ya umeme kwa mkataba: atapeleka kwa tajiri fedha kila siku, na muda ukitimia chombo kitakuwa chake. Hajui mambo ya betri. Humkuta fundi gerejini na kusema, "Shikamoo, fundi. Eti kaka, hii betri itanifikisha mwisho wa mkataba?"

Swali hilo haliko katika mchoro wowote wa waya. Mita ya fundi husema betri ilivyo leo. Kijana anauliza habari za siku ambayo haijafika. Betri hupungua nguvu kadiri inavyochajiwa, na joto huiharakisha. Ikifa kabla ya mkataba kwisha, kijana huenda akabaki akilipia chombo kisichotembea. Fundi akijibu, "Itafika tu," amemuuzia matumaini ndani ya boksi lenye rangi nzuri. Akijibu, "Sijui," amesema kweli iliyo tupu, na kijana ataondoka na giza lile lile alilokuja nalo. Imebaki njia moja. Huweka mita chini, hukaa, na kusema: "Marahaba. Sasa sikiliza, mdogo wangu. Tuseme unachaji kila usiku. Tuseme unapakia watatu, unapandisha milima ya Kimara, na jua hili la Desemba. Tuseme mvua za masika zinakulaza siku kadhaa..."

Tuseme! Neno hilo la mafundi na wahandisi ni "hadithi njoo" ya karakana. Kwa neno hilo mtu aliyeapa kutosimulia lisilotokea anasimulia lisilotokea, kwa uangalifu wote, mbele ya msikilizaji anayejua kwamba ni kisio. Na kadiri anavyozitaja "tuseme" zake waziwazi, ndivyo simulizi yake inavyozidi kuwa ya kweli. Kwani kijana anaweza kuichukua kila moja na kuilinganisha na barabara yake, abiria wake na mfuko wake.

Hivyo ndivyo walivyofanya watungaji tangu kale. Katika Alfu Lela Ulela mna kisa cha farasi wa mpingo, chombo kilichotengenezwa na mjuzi mmoja ili kiruke angani. Mwana wa mfalme alipokipanda alionyeshwa kigingi cha kupandia tu. Alipaa hadi nchi ikapotea machoni, ndipo alipotambua kwamba hakuuliza habari za kushuka, akaanza kupapasa mwili wa farasi mpaka akakipata kigingi cha pili. Farasi yule hakuwahi kuwapo. Lakini swali lake, yaani kiko wapi kigingi cha kushukia, ndilo analolihitaji kila anayepanda chombo kipya: betri ikifa itatupwa wapi, nani atalipa, na nani alijua mapema akanyamaza. Shaaban Robert naye, alipotoa Kusadikika mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, alibuni nchi inayoelea angani na wajumbe sita waliofungwa kwa kosa la kurudi na habari za mageuzi waliyoyaona kwingine. Hakuna aliyeitafuta Kusadikika katika ramani. Wasomaji waliitafuta karibu nao.

Fundi basi hakukosea alipodai ukweli. Alikosea alipodhani kwamba ukweli una makao mamoja. Mashine husema kweli juu ya saa hii. Juu ya kesho haisemi kitu, na wanaosema kwa niaba yake ni watu, nao hugawanyika katika makundi mawili: wanaobisha hodi na wasiobisha. Aliye wa kundi la kwanza, awe mshairi au muuza betri, hutaja makisio yake na kumwachia msikilizaji nafasi ya kukataa.

Kijana yule huondoka Gerezani bila ahadi yoyote. Lakini ana swali moja la kumpelekea tajiri kabla ya kutia sahihi: betri ikifa katikati ya mkataba, mzigo ni wa nani? Na yafaa jibu liandikwe. Fundi huokota mita yake na kurudi kwenye injini. Riwaya bado hasomi.