Kustaajabia na Kununua

Katika nchi ya Ureno, upande wa mashariki usio mbali na mpaka wa Hispania, uko mji mdogo uitwao Alter do Chão. Karibu na mji huo lipo shamba kubwa la kuzalishia farasi, lililoanzishwa mwaka 1748 kwa amri ya Mfalme João wa Tano. Kila mwaka, mwezi wa Aprili, farasi kadha wa shamba hilo huuzwa kwa mnada, na watu hufunga safari kwenda kuwatazama. Wengine huenda kununua. Wengine huenda kutazama tu, kisha hurudi kwao mikono mitupu. Leo twataka kuwafikiri watu hao wa namna mbili, maana katika mambo yao limo swali linalotuhusu sisi sote, hata sisi ambao hatujapata kupanda farasi maisha yetu. Swali lenyewe ndilo hili: mtu akiona kitu kizuri, na moyo wake ukakipenda, je, ni haki kutaka kiwe chake?

Kwanza tumweleze farasi mwenyewe. Farasi wa Hispania na Ureno si mrefu kupita wote, wala hawezi kushindana mbio na farasi wa Kiingereza waliozaliwa kwa kazi hiyo. Sifa yake ni nyingine. Shingo yake ni nene, nayo imepinda kama upinde. Singa zake ni nyingi na ndefu. Na uso wake, ukimtazama kwa ubavu, waona umebenuka kidogo tangu paji mpaka puani. Mgongo wake ni mfupi wenye nguvu, na miguu yake ya nyuma hujikusanya chini ya tumbo, hata akifundishwa vema aweza kusimama mahali pamoja akiinua miguu kwa kipimo, kama mtu afuataye ngoma, asiende mbele wala nyuma. Wengi wa Hispania ni weupe. Lakini mtoto wao huzaliwa mweusi au wa rangi ya kahawia, akageuka mweupe kidogo kidogo kadiri miaka inavyopita. Wale wa Alter wengi wao ni wa rangi ya kahawia, wenye singa na mkia mweusi.

Zamani wafalme wa Ulaya waliwatamani sana farasi hawa. Farasi weupe wa mji wa Vienna, wenye sifa ulimwenguni kote, walitokana na shamba la Lipica lililoanzishwa mwaka 1580 kwa farasi wa Hispania. Ndiyo sababu shule yao ya kupanda farasi yaitwa ya Kihispania mpaka leo. Tena katika uwanja mkubwa wa mji wa Lisbon iko sanamu ya Mfalme José juu ya farasi, iliyosimamishwa mwaka 1775. Farasi aliyekuwa mfano wa sanamu ile alikuwa wa Alter, jina lake Gentil. Mfalme amekufa, farasi amekufa, na watu wapitao uwanjani wangali wakiinua macho.

Sasa twende mnadani. Katika minada ya namna hii kila farasi hupewa namba, na katika karatasi huandikwa jina la baba yake na la mama yake, na mwaka aliozaliwa. Kabla ya saa ya kuuza, watu hupewa nafasi ya kumkagua. Mwenye maarifa humtazama meno apate kujua umri. Hupapasa miguu kama ina uvimbe. Huomba aongozwe kwa mwendo wa polepole, kisha wa haraka, asikilize kama kwato zote nne zapiga ardhi kwa sauti moja. Halafu dalali huanza kutaja bei. Huyu huinua mkono, yule huinua mkono, bei hupanda, mpaka mmoja anyamaze. Nyundo ikipiga meza, shauri limekwisha. Hapana wa kusema, “Nilikuwa nikitania.”

Tumtazame kwanza yule asiyeinua mkono. Wahenga walisema: Macho hayana pazia. Mtu huyo amesimama ukingoni, hana fedha ya kutosha hata kwa mguu mmoja wa farasi, walakini uzuri wote aliouona tajiri ameuona na yeye. Mkate ukigawiwa watu kumi, kila mmoja hupata kipande. Lakini uzuri wa farasi ukitazamwa na watu elfu, kila mmoja huupata mzima. Basi mtu wa namna hii hakuibia mtu, wala hakupungukiwa. Kustaajabia kazi njema si dhambi, bali ni afya ya moyo. Maana mtu asiyeweza kufurahia kitu kisicho chake, hata vilivyo vyake havitamfurahisha siku nyingi.

Lakini tusijidanganye. Kustaajabia na kutamani ni majirani, na ukuta kati ya nyumba zao ni mwembamba. Mtu atajuaje yumo katika nyumba gani? Twaona iko njia moja ya kujipima. Nyundo ikiisha kupiga, na farasi uliyempenda akaongozwa kwenda kwa mtu mwingine, angalia moyo wako. Ukisema, “Vema, amepata mwenyeji mzuri,” basi ulimpenda farasi. Ukiona uchungu, ukaanza kutafuta kasoro za farasi yule, au kasoro za aliyemnunua, basi hukumpenda farasi; ulijipenda wewe mwenyewe juu ya farasi.

Haya, tumtazame yeye aliyeinua mkono. Hapa twaona wanunuzi wa namna tatu. Wa kwanza hununua kwa ajili ya macho ya watu. Aliinua mkono mara ya kwanza kwa sababu alimpenda farasi. Mara ya tano aliuinua kwa sababu aliona haya kushindwa na jirani. Fedha aliyoongeza mwishoni hakumnunulia farasi, bali alinunua sifa ya dakika mbili. Wa pili hununua kwa joto la ghafula. Nyumbani hana malisho, hana banda, hana saisi, wala hajui kazi ya kutunza farasi. Ameona shingo iliyopinda, akasahau kwamba chini ya shingo liko tumbo. Wa tatu amehesabu gharama kabla ya kutoka kwake, akajua mpaka wake, na bei ilipopita mpaka ule aliuweka mkono wake mfukoni.

Tofauti kati ya watu hawa haionekani siku ya mnada, maana wote watatu hupigiwa makofi sawasawa. Yaonekana baadaye. Kwa kuwa farasi si sanamu. Huishi miaka 25, pengine 30. Kila siku hula, na kila siku hunywa maji mengi. Kwato zake zataka kuchongwa kila baada ya wiki sita au nane. Ni mnyama wa kundi, akifungiwa peke yake huhuzunika, akaanza kuguguna mbao za banda au kuyumbayumba usiku kucha. Akifika umri wa miaka 20 huenda hawezi tena kazi ile aliyonunuliwa, na walakini bado anakula. Basi bei iliyotajwa na dalali ilikuwa mlango tu. Aliyestaajabia hana deni kwa farasi. Aliyenunua amejitia katika deni litakalodumu maisha yote ya mnyama.

Pengine msomaji atasema: Kama ni hivyo, afadhali sote tuwe watazamaji, tusiwe wanunuzi. Sisi nasi tulielekea kusema hivyo, mpaka tulipofikiri habari za shamba la Alter lenyewe.

Shamba lile lilikuwa mali ya wafalme, na kwa muda lilisitawi. Kisha, mwanzoni mwa karne ya 19, majeshi ya Napoleon yaliingia Ureno, na farasi wengi wazuri wakachukuliwa. Baadaye wakubwa wa shamba walijaribu kutengeneza mambo kwa kuchanganya damu ya kigeni, hasa ya farasi wa Kiarabu, hata ile sura ya asili ikaanza kupotea. Ikawapasa kutafuta tena farasi wa Hispania ili kuirudisha. Mwaka 1910 ufalme wa Ureno ulikomeshwa. Shamba la mfalme likawa halina tena wa kulitetea, na madume wakaanza kuhasiwa. Jamii ya farasi iliyolelewa zaidi ya miaka 150 ilikuwa karibu kuisha.

Ndipo alipotokea mtu mmoja, Ruy d'Andrade, mwenye maarifa ya kilimo na ya farasi. Alijipatia madume wawili na majike wachache wa Alter, akawatunza, akawazalisha kwa uangalifu. Na mwaka 1942 kundi lile lilirudishwa katika mikono ya serikali, katika wizara ya kilimo. Farasi waonyeshwao mnadani Alter siku hizi, na wale wapandwao katika Shule ya Kireno ya Upandaji Farasi iliyofunguliwa mwaka 1979, wapo kwa sababu ya kundi lile dogo.

Haya basi, na tuseme kweli. Watu waliowasifu farasi wa Alter walikuwa wengi. Sanamu ya Gentil ilikuwa imesimama Lisbon muda wote ule, na watu wakiitazama. Sifa zao zote hazikulisha farasi hata mmoja. Kama pasingalitokea mtu wa kusema, “Hawa nitawachukua mimi, na gharama yao iwe juu yangu,” leo hapangalikuwa na kitu cha kustaajabia. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba mtazamaji ni mwema na mnunuzi ni mbaya. Upendo usiogharimu kitu ni safi, lakini ni dhaifu.

Lakini tazama tena jinsi kundi lile lilivyotoka kwake. Wafalme walisema, “Ni wangu.” Askari wakasema, “Sasa ni wangu.” Yeye alikuwa nao mikononi mwake, walakini mwisho wake haukuwa kuwashika milele. Hili ndilo twalolishika kuwa jibu la swali letu: ni haki kununua tunachokistaajabia, ikiwa tunakinunua ili kikae salama, wala si ili sisi tuonekane wakubwa. Mwenye mali wa kweli ni mtunzaji wa zamu. Alikipokea kwa mwingine, naye atakiacha kwa mwingine, na ataulizwa kama alikiacha kizima.

Liko neno moja zaidi, wala hatupendi kulipita kimya. Mtu atauliza: Je, ni haki kutoa fedha nyingi kwa ajili ya farasi, na huku wako watu wenye njaa? Wengine hujibu kwamba fedha ile haipotei. Humlipa saisi, na mfua viatu vya farasi, na mkulima auzaye majani. Hayo ni kweli, lakini twaogopa jibu hilo, maana hata mwenye kiburi hulipenda sana. Sisi twasema hivi: mtu ambaye hajalipa mishahara ya watumishi wake, au ambaye mama yake hana chakula, huyo hana fedha ya mnadani, hata ikiwa imejaa mfukoni. Fedha ile ina wenyewe. Akiisha kuwapa wenyewe haki yao, na ikabaki, hapo ndipo aweza kusimama mbele ya dalali bila aibu.

Kwetu minada ya farasi haipo karibu, lakini soko la ng'ombe lipo. Wako wanaokwenda huko na fedha ya ada za shule, wakamwona mtamba mwenye mgongo ulionyoka na macho maangavu, wakasahau walilotumwa. Wako pia wanaomtazama mtamba wa jirani juu ya ua, wakarudi ndani wakiwa wamenuna. Tamaa mbele, mauti nyuma. Basi, ndugu, siku tutakapokiona kitu kizuri, na tukitazame sana, tukisifu kwa kinywa wazi, tumpongeze mwenyewe. Na kabla ya kuinua mkono, tujiulize si kama twakipenda, bali kama tutakuwa tungali tukikitunza siku kitakapokuwa kimezeeka na hapana mtu akisifuye.