Tuogope kwa Kiasi Gani?

Somo: Luka 13:1–5



Februari 2025 wataalamu wa NASA walikadiria kuwa asteroidi iitwayo 2024 YR4 ilikuwa na uwezekano wa asilimia 3.1 wa kuigonga Dunia tarehe 22 Desemba 2032. Ukanda ambao ingeweza kuangukia ulipita Afrika pia. Siku chache baadaye uwezekano huo ukashuka karibu na sifuri.

Je, tulidanganywa? Hapana. Vipimo vya mwanzo vilikuwa vichache, hivyo eneo la mashaka lilikuwa kubwa. Kila vipimo vipya vilipolipunguza, Dunia ikiwa bado ndani yake, asilimia ilipanda. Dunia ilipobaki nje, asilimia ikaporomoka. Aliyesubiri vipimo alimshinda kwa hekima aliyetangaza kiama, na pia aliyedhihaki. Mawe ya angani huanguka kweli: kimondo cha Mbozi kipo Songwe, nenda ukakiguse.

Katika somo letu Yesu anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Anakataa kuwahesabu kuwa wakosaji kuliko wengine, kisha anawageukia walio hai: ninyi je, mtatubu?

Swali hilo linatufikia sisi wa Arusha. Tunaishi chini ya Mlima Meru, volkano iliyolipuka mara ya mwisho mwaka 1910, na usingizi tunaupata. Lakini Aprili 2024 maji ya mvua yalisomba gari la wanafunzi humu jijini, na watoto wakafa. Masika hayahitaji darubini. Huja kila mwaka.

Basi hofu tuipime kwa mambo mawili: jambo lina uwezekano gani, na sisi tunaweza kufanya nini. Kwa asteroidi, fungu letu lilikuwa kusubiri taarifa na kuacha kusambaza uvumi. Kwa masika fungu letu ni zito: tuzibue mitaro kabla ya mvua, tumpe hifadhi jirani anayekaa ukingoni mwa korongo, tuwazuie watoto kuvuka maji yaendayo kasi. Anayetetemeka kwa habari za anga huku akitupa taka mtaroni hajaanza kutubu.

Tuombe: Ee Bwana, wafariji wazazi waliofiwa. Tuonyeshe hatari iliyo karibu nasi, utuondolee hofu inayotufunga mikono, na utupe moyo wa kulindana. Amina.