Kunyamaza Si Kukubali

Mara nyingi tunasikia watu wakisema: «Alinyamaza, basi alikubali.» Wanasema hivyo juu ya msichana wa miaka 15 au 16 aliyelipiwa feza ya masomo na mtu mzima, au aliyeitwa na mwalimu kwa habari ya pointi, au aliyefuatwa na kijana anayemwambia: «Ukikataa, hunipendi.» Hakupiga kelele, hakukimbia. Je, alikubali?

Tupime neno hili vizuri. Mtu anakubali kweli pale tu anapoweza kukataa bila kuogopa. Anayesema ndiyo kwa sababu hapana itamtoa masomoni, huyo hakutoa kitu, amenyang'anywa. Basi, ikiwa hata neno la ndiyo laweza kuwa tupu, kimya kitakuwa nini? Watoto wetu tumewafundisha kuinamisha macho mbele ya wakubwa na kutowabishia. Ni adabu njema. Lakini mtu mwovu anaitumia adabu hiyo kwa faida yake, kisha anaiita ruhusa.

Tumtazame Mungu mwenyewe. Alipomtuma Malaika Gabrieli kwa Bikira Maria, hakutumia nguvu. Maria aliuliza, akajibiwa, ndipo akatoa neno lake. Kama Muumba alingoja jibu la msichana wa Nazareti, mwanadamu ni nani hata asingoje?

Eklezya inafuata njia hiyohiyo. Sheria yake ya mwaka 1983 inafundisha kwamba ndoa inafanywa na kukubali kwa wenyewe wawili, wala hakuna awezaye kukubali mahali pao, hata baba aliyekwisha kupokea mahari. Ndoa iliyofungwa kwa nguvu au kwa hofu kubwa si ndoa. Sheria ya Kongo nayo, tangu mwaka 2006, inamhesabu anayelala na mtoto wa chini ya miaka 18 kuwa amemtenda kwa nguvu, hata akidai mtoto alikubali. Na tangu mwaka 2016 msichana haolewi kabla ya miaka 18.

Wengine watauliza: «Na Mwenye Heri Anuarite?» Yeye alikataa waziwazi, akauawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964. Tunamheshimu sana. Lakini ushujaa wake si fimbo ya kumpigia msichana ambaye hofu ilimfunga ulimi. Roma ilipotekwa mwaka 410, Mtakatifu Augustino aliwatetea wanawake waliotendewa jeuri: ikiwa moyo haukukubali, usafi wao haukupotea. Dhambi ni ya aliyetenda, na aibu ni yake.

Basi, wazazi, binti akinyamaza ghafula, akikataa kwenda kwa mtu fulani, msianze na «Mbona hukulia?» Ulizeni kwa upole, sikilizeni mpaka mwisho, wala msimalize jambo kwa mbuzi na mahari. Ninyi vijana, asipojibu, jueni kwamba hamkupewa ruhusa. Nanyi mabinti, kumwambia hapana mkubwa anayetaka ovu si kukosa adabu.

Sisi sote tunajua desturi ya nyumba zetu: mgeni hubisha hodi, na asipoitikiwa hurudi kwake. Anayeingia bila kuitikiwa tunamwita mwizi, hata kama mlango haukuwa na kufuli.