Mtoto wa Mirihi, kwao ni wapi?

Habari za watu kutaka kuhamia kwenye sayari ya Mirihi zasikika siku hizi hata barazani petu. Wengine husema ni kiburi, ni kujenga tena mnara wa Babeli. Sisi hatusemi hivyo. Mwaka 1956 Baba Mtakatifu Pius XII aliwaambia wataalamu wa safari za anga, waliokutana Roma, ya kwamba Mungu aliyetia moyoni mwa mtu hamu ya kujua hakukusudia kuiwekea mpaka. Basi kwenda si dhambi. Shauri letu ni lingine: ni nani anayepelekwa, na je, amekubali?

Tangu Novemba 2000 watu wanakaa kwa zamu, bila kukoma, katika kituo kinachozunguka dunia kadiri ya kilometa 400 juu yetu. Kabla yao Mrusi Valeri Polyakov alikaa siku 437 mfululizo katika kituo cha Mir, tangu 1994 mpaka 1995. Mifupa isiyobeba uzito hudhoofika. Kwa hiyo kila siku hufanya mazoezi kama saa mbili. Maji yao mengi ni jasho na mkojo uliosafishwa. (Msikunje uso, maji ya mvua nayo yamepita pengi.) Lakini watu hao wana mlango: chombo cha kuwarudisha chini kimefungwa kando yao.

Fundisho kubwa zaidi lilipatikana hapa hapa chini, Arizona, nchi ya Marekani. Septemba 1991 watu 8, wanaume 4 na wanawake 4, walijifungia ndani ya jengo kubwa la vioo liitwalo Biosphere 2, pamoja na mashamba yao, mbuzi na kuku, hata bahari ndogo, wapate kuishi miaka miwili bila kupokea kitu kutoka nje. Walikuwa wamejitayarisha sana. Lakini vijidudu vya udongo ule wenye rutuba vikala oksijeni, na hewa ya kaboni iliyotoka ikanywewa na saruji, isiifikie mimea. Oksijeni ikashuka kutoka sehemu 21 katika mia hadi 14 na kidogo. Watu wakapanda ngazi wakihema. Njaa ikawakondesha. Tena wakagawanyika, wanne huku na wanne huku, marafiki wa jana wasisemezane vema. Januari 1993 oksijeni ikaanza kuingizwa kutoka nje, wakapata nafuu.

Kutoka nje! Pale palikuwa na nje. Mirihi safari ni miezi saba hivi, na njia nzuri hupatikana mara moja tu kila miezi 26. Hewa yake ni nyembamba mno, karibu yote ni ya kaboni.

Mtu mzima akijitoa kwenda huko, tumstahi. Wamisionari wa kwanza waliofika pande zetu nao walijua ya kuwa huenda wasingeona tena kwao. Lakini waliamua wenyewe, na tena walikuta wenyeji wa kuwapa maji na moto.

Siku moja, baada ya mafundisho, kijana mmoja alituuliza: «Mwalimu, mtoto akizaliwa huko, asipopapenda, atarudi kwao?» Tulitaka kujibu upesi, tukashindwa. Maana kwao ni huko. Uzito wa vitu huko ni kama sehemu 38 katika mia ya uzito wa hapa, na hakuna ajuaye kama mifupa iliyokulia huko itaweza kumsimamisha mtu duniani.

Mtasema: hakuna mtoto aliyechagua mahali pa kuzaliwa, hata kwetu. Ni kweli, na neno hilo lina nguvu. Lakini kijana wa kwetu akigombana na mkubwa wake hufunga mzigo, akahama. Huko mwenye mashini ya hewa ameshika pumzi za wote, na nani atathubutu kumwambia hapana?

Kwa hiyo sisi twaona hivi: watu wazima waende, ila watoto wasizaliwe huko mpaka njia ya kurudi ijaribiwe, na mwili ujulikane. Ni sharti gumu kwa mume na mke; hatufichi.

Jumapili iliyofuata tulimweleza kijana yule hayo yote. Akafikiri kidogo, kisha akauliza kama yeye, akisha kuwa mtu mzima, angeruhusiwa kwenda.