Tumbo la Fakiri na Haki ya Elimu

Mwaka 1822, katika kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana Alexis St. Martin alipigwa risasi kwa bahati mbaya, na jeraha likapona likiacha tundu tumboni, ambamo tabibu William Beaumont, aliyemfanya mtumishi wake, alitumbukiza vipande vya nyama vilivyofungwa uzi wa hariri, kisha akavivuta kutazama vilivyoyeyuka. Elimu ilinufaika mno, sikatai. Lakini je, ridhaa ya fakiri alaye kwa mkono wa tabibu wake ni ridhaa kamili, ilhali mwili ni amana ya Mola? St. Martin alipofariki mwaka 1880, jamaa zake waliuacha mwili uoze kwanza, ndipo wakauzika kwenye kina kirefu, wasije matabibu wakaufukua. Kwa rai yangu, walitenda haki.