Je, "Mm" Ni Uongo?



Jumapili iliyopita tulisomewa Marko 5, habari ya Yairo na yule mama aliyetokwa na damu miaka 12. Mchungaji alikaa sana kwa imani ya huyo mama, na alitulisha vizuri. Lakini mimi nilibaki nimekwama mahali pengine. Yesu siku ile alikuwa na haraka. Binti wa Yairo yuko karibu kufa, baba mtu ameanguka miguuni pake, umati unasukumana. Yesu akasimama. Akauliza ni nani amemgusa, na wanafunzi wakashangaa, maana kila mtu alikuwa anamgusa. Kisha mama akaja akitetemeka, na Marko anatuambia alieleza yote. Sasa fikiria: miaka 12, madaktari wote aliowaendea, pesa zote zilizoisha. Hiyo si hadithi ya dakika moja. Na Yairo amesimama pale anasubiri.

Nilikwama hapo kwa sababu ya jambo lililotokea kwangu nyumbani, hapa Gakindu, mwezi wa Julai. Mama watoto ameniruhusu niliandike. Alisema niandike yote au nisiandike kabisa.

Mnajua Julai yetu. Ukungu hautoki mpaka saa sita, na jioni ni blanketi na chupa ya chai. Tulikuwa sebuleni. Yeye alikuwa na kroshia yake, anamalizia vitambaa vya sofa ambavyo mnavijua, vile vya maua. Mimi nilikuwa kwenye simu. Na nisieleweke vibaya: sikuwa naangalia mambo mabaya. Nilikuwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazee wa kanisa, tunapanga kesha, ni nani ataleta jenereta, ni nani atalipia viti. Kazi ya Mungu kabisa.

Aliongea. Nilisikia sauti yake kama vile mtu anavyosikia mvua kwenye mabati, unajua inanyesha na huhesabu matone. Nikasema "mm." Akaendelea, nikasema "mm" tena. Mwisho akauliza kitu, na kwa sababu sauti ilipanda kama ya swali, nikajibu, "Ni sawa." Akanyamaza, akarudi kwenye kitambaa chake.

Siku tisa baadaye dada mmoja wa ushirika wetu alinishika mkono nje ya kanisa, akaniuliza majibu ya mama yametoka lini. Majibu gani? Yule dada aliniangalia, akaona, akaniachilia mkono polepole. Ndiye aliyemsindikiza hospitali. Mama watoto alikuwa amepata uvimbe kwenye titi. Alikuwa ametolewa kipande, kikapelekwa maabara, na alikuwa anangoja peke yake ndani ya nyumba tunayolala wote.

Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alijibu bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira. "Nilikuambia Jumanne, Baba. Nikakuuliza tutaenda pamoja ama niende na mtu mwingine. Ukasema ni sawa."

Majibu yalikuja mema, Bwana apewe sifa. Uvimbe haukuwa wa hatari. Lakini swali langu halikuondoka na majibu yale, kwa sababu nilichofanya Jumanne ile kilikuwa kile kile, uvimbe uwe wa hatari au usiwe. Nilidanganya?

Nimejitetea sana mbele za Mungu juu ya jambo hili, na utetezi wangu wa kwanza ulikuwa huu: uongo unahitaji nia. Mtu anayesema Gakindu iko Murang'a kwa kutojua hajadanganya, amekosea tu. Mimi sikukusudia kumdanganya mke wangu. Sikukusudia kitu chochote, akili haikuwa pale.

Ni utetezi mzuri, mpaka uutazame karibu. "Mm" hutumwa kuwa shahidi wa jambo moja tu, kwamba mimi nimekusikia. Haisemi lolote juu ya uvimbe wala juu ya hospitali, inasema juu yangu. Na juu ya hilo, nilijua ukweli. Nilijua kabisa sikuwa nasikiliza, ndiyo maana nikasema "mm," ili aendelee kudhani niko naye na asinisumbue. Kwa hiyo nia ilikuwapo. Ilikuwa ndogo, ya haraka, imefichwa chini ya mazoea, lakini kazi yake ilikuwa kumfanya mtu aamini kitu kisicho kweli. Bwana wetu kwenye Mathayo 5:37 anatutaka tukikubali tuwe tumekubali kweli. "Ni sawa" yangu ilikuwa kukubali kitu ambacho hata sikukijua. Mithali 18:13 inaita kujibu kabla ya kusikia upumbavu na aibu, na mimi sikujibu kabla tu, nilijibu badala ya kusikia.

Utetezi wa pili ni ule unaoniuma zaidi, na nadhani utawauma wazee wenzangu. Nilikuwa kwenye kazi ya kanisa! Si kesha linahitaji jenereta? Hapo nikapelekwa Marko 7, kuanzia mstari wa 9, ambapo Yesu anawakemea watu waliokuwa na desturi ya korbani. Mtu alikuwa na mali ambayo ingewasaidia wazazi wake, akatangaza ni wakfu kwa Mungu, basi wazazi wakakosa, na yeye akabaki na jina zuri. Yesu hakusema sadaka ni mbaya. Alisema huwezi kumpa Mungu kilicho haki ya mtu mwingine. Masikio yangu saa mbili usiku ni haki ya mke wangu na watoto wangu. Kumbukumbu la Torati 6:7 inapotaja mahali pa kuzungumza na watoto maneno ya Mungu, inaanza na kuketi nyumbani. Mimi niliyachukua masikio yale nikayafanya korbani, na kikundi kikanisifu kwa bidii.

Wengine watasema lawama ni ya simu. Kuna ukweli hapo. Vitu hivi havikutengenezwa na watoto. Mwaka 2006 Mmarekani mmoja, Aza Raskin, alibuni ule ukurasa unaoshuka bila kufika mwisho, na baadaye yeye mwenyewe akasema hadharani anajutia alichokifanya. Gazeti lilikuwa na ukurasa wa mwisho. Hata taarifa ya habari ya redio ilikuwa inaisha, mzee anazima, anauliza chakula kiko wapi. Simu haina pa kuishia, ni wewe utafute mwisho.

Lakini siwezi kuilaumu simu yote, kwa sababu simu hiyo hiyo ndiyo inayotuletea kijana wetu aliye Qatar. Akipiga Jumapili jioni, mtandao unakatakata, sote tunainama juu ya kile kioo kidogo tumenyamaza kimya, hata kuku nje wanaonekana wanapiga kelele. Kila neno lake tunalikamata. Likipotea tunamwambia arudie. "Hatujakusikia, rudia!" Hapo ndipo nilipojihukumu. Kumbe najua kusikiliza. Kumbe najua hata kusema sijasikia. Nampa aliye mbali maelfu ya kilomita, na aliye mita mbili kutoka kwenye kiti changu nampa "mm."

Nikaanza kumtazama mama watoto na kroshia yake, kwa sababu yeye pia ana kitu mikononi kila jioni. Tofauti yetu ni nini? Kwanza nilidhani ni kwamba kazi ya mikono haizibi masikio. Na ni kweli kwa sehemu kubwa. Cucu zetu walisuka viondo namna hiyo. Wazee wanakumbuka nyuzi za mugio, kabla mkonge haujazoeleka, zikisokotwa juu ya paja, na mdomo unaendelea na hadithi, na mtoto akikosea kitu huko nyuma cucu anajua bila kugeuka. Kiondo huanzia kitako, kinazunguka kikipanda, na kwa siku zote hizo mikono ina shughuli na masikio yako wazi. Wanawake walioleta vitu kwa kazi ya hema la Mungu, Kutoka 35:25-26, walikuwa wanasokota kwa mikono yao. Sidhani walikaa kimya. (Vijana wanaoona kroshia na kuchora ni kupoteza wakati kwa sababu hazileti pesa, hao tutaongea siku nyingine.)

Lakini si hivyo tu. Kuna wakati mama watoto hasikii. Akifika kwenye ua, pale anapohesabu, ukimwita haji. Nimemjaribu. Ila hajawahi kuniambia "mm." Anainua kidole kimoja na kusema, "Ngoja, nahesabu." Anamaliza safu yake, anaweka kroshia kwenye goti, anasema, "Sema sasa."

Miaka yote hii nimekuwa nikimwona akifanya hivyo, sikujua naonyeshwa kitu. Yeye huondoka kama mimi ninavyoondoka, lakini anaaga. Kuwa mbali si dhambi. Hakuna mtu anayeweza kusikiliza kutoka asubuhi hadi usiku, na Yesu mwenyewe aliacha watu akaenda mlimani. Lakini alikwenda. Hakubaki amekaa katikati yao akiitikia huku moyo uko kwingine.

Lazima pia niwaambie juu ya mtoto wetu wa mwisho, ana miaka tisa, anapenda kuchora magari na ng'ombe. Kila jioni alikuwa ananiletea karatasi, "Baba, ona." Nami nilikuwa namjibu, "Mzuri sana, endelea hivyo." Baada ya mambo ya hospitali nilimuuliza siku hizi kwa nini haniletei michoro. Akasita, akamwangalia mama yake. Kisha akasema kwamba siku moja alinionyesha upande wa nyuma wa karatasi, ambao haukuwa na kitu, akanisikia nikisema mzuri sana.

Mtoto alikuwa amenipima. Nimefundisha shule ya Jumapili kwa miaka mingi juu ya Anania na Safira, nikiwaambia watoto kwamba Mungu anaujua uongo hata ukiwa mdogo. Na mwanangu alikuwa ameshajua, na akanitunzia aibu yangu kimya, hakumwambia mtu. Nimejiuliza siku ile akirudisha karatasi kwenye begi alifikiri nini juu ya sifa zote nilizowahi kumpa kabla yake. Maana ukigundua noti moja ni bandia, unaanza kuzishika zote kwenye mwanga.

Kwa hiyo nimejibu swali langu, angalau kwa upande wangu. Nilidanganya. Nilitubu kwa Mungu, halafu nikatubu kwa hao wawili, na la pili lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu Mungu hakuniuliza "kwa nini." Mtoto aliuliza. Sikuwa na jibu zuri, nikamwambia sina.

Sijaitupa simu, na kikundi cha wazee bado kiko. Wenzangu wakiona nimekawia kujibu kuanzia saa moja jioni, wasifikiri nimerudi nyuma kiroho. Sijashinda kila siku pia. Wiki iliyopita nilisema "mm" mara mbili, na mara zote mbili mtoto aliniangalia.

Jumanne mama watoto alianza kuongea nikiwa nasoma ujumbe. Nikasikia mwisho tu, ile sauti ya swali. Ulimi ulikuwa tayari na "ni sawa." Nikasema, "Samahani, sijakusikia. Nilikuwa kwingine."

Aliinua kidole. Alikuwa kwenye ua. Nikangoja mpaka akamaliza safu, akaweka kroshia kwenye goti.

"Nirudie?"

"Rudia yote."

Ilikuwa habari ya ng'ombe. Amepunguza maziwa tangu Ijumaa, na yeye anadhani ni nyasi tulizobadilisha. Tuliongea mpaka chai ikapoa.