MGENI NJOO, MWENYEJI APONE
Neno la Krismasi kwa kijana



Kijana mwenzangu, usiitupe kwanza karatasi hii. Haikuombi hela, wala haikuulizi dhehebu lako. Isome ukiwa unangoja daladala, au usiku ukiwa kwenye zamu. Nina swali moja tu: Krismasi hii, NANI ANAKUJA KWAKO?

Utajibu, "Wageni wanakuja." Ni kweli. Desemba upepo wa kaskazi ukivuma, mahoteli ya pwani hii, kuanzia Paje na Jambiani mpaka Makunduchi, yanajaa wazungu. Mti wa Krismasi unasimamishwa mapokezi, unabandikwa pamba ionekane kama theluji, na wengi wetu theluji yenyewe hatujaiona tangu tuzaliwe. Wewe umetoka bara kutafuta maisha. Unafua mashuka, unabeba mizigo, unakoroga zege, unalinda geti. Jina lako ni Yohana au Maria, lakini kanisani mara ya mwisho ulikwenda umeshikwa mkono na mama.

Nakufahamu sana, kwa sababu na mimi nilikuwa hivyo hivyo.

KRISMASI YA GIZA

Tarehe 10 Desemba 2009 umeme ulizimika Unguja nzima. Njia ya umeme unaoletwa kutoka bara kwa waya wa chini ya bahari iliharibika, na giza lile likakaa karibu miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Waliokuwepo wanakumbuka. Hata maji ya bomba yalikuwa shida, kwa sababu pampu zinataka umeme.

Mimi nilikuwa na miaka 19, kibarua wa ujenzi. Nilikuwa nimempigia simu mama yangu, Mpwapwa: "Mama, Krismasi hii nakuja." Akajibu, "Haya mwanangu, nitakungoja."

Tarehe 23 tulilipwa. Nilikuwa na nauli ya boti na ya basi, na kitenge cha mama nimeshakinunua. Jioni wenzangu wakasema, tupate kidogo tu kabla hujaondoka. Ndugu, hiyo "kidogo tu" ndiyo imewazika vijana wengi! Ng'ambo ya ukuta jenereta ya hoteli inanguruma, taa zinawaka, muziki unapigwa. Sisi huku nyuma tuko gizani, tunakunywa. Asubuhi niliamka mchangani. Nauli hakuna. Viatu hakuna. Kitenge hakuna.

Aliyeniamsha ni bibi mmoja mwenyeji, Muislamu. Hakunitukana. Alisema, "Mjukuu wangu, inuka. Mgeni halali mchangani." Akanichukua kwake, akanipa maji ya kuoga, akanipa muhogo wa nazi. Usiku akaniwashia kandili, akaiweka barazani nilipolala.

Usiku ule wa tarehe 24 sikulala. Nilimfikiria mama. Baadaye dada yangu alinisimulia: mama alikaa kituoni mpaka basi la mwisho likapita. Akarudi nyumbani, akapakua wali wangu, akaufunika. Siku ya mwaka mpya akafanya vilevile.

MAANA YA KUNGOJA

Ndugu zetu Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri wana majuma manne kabla ya Krismasi. Wanayaita MAJILIO, yaani kuja kwake Bwana. Sisi Wapentekoste wengi hatuna desturi hiyo, lakini maana yake tunaihitaji. Kabla ya sikukuu, kuna kungoja na kujiandaa.

Israeli walingoja sana. Nabii Mika alitaja kijiji cha Bethlehemu karne kama saba kabla Yesu hajazaliwa (Mika 5:2). Isaya alisema habari za watu wa gizani watakaozukiwa na nuru (Isaya 9:2). Vizazi vikapita. Wengine wakasema, hatakuja huyo.

Lakini muulize mvuvi wa Makunduchi. Maji yakipwa yanakwenda mbali, ngalawa zinalala ubavu kwenye mchanga. Je, anapiga kelele kwamba bahari imekufa? Hapana. Anakaa anatengeneza nyavu zake, kwa sababu anajua maji yana saa yake ya kujaa. Na Mungu naye ana saa yake. Saa ilipotimia, alimtuma Mwanawe (Wagalatia 4:4).

Na usiku ule mbele ya kandili nilielewa jambo ambalo sikuwahi kufundishwa. Nilidhani sisi ndio tunaomngoja Mungu. Kumbe MUNGU NDIYE ANAYETUNGOJA SISI! Yuko kama mama kituoni. Basi hili limepita, hukushuka. Basi lile limepita, hukushuka. Soma Luka 15:20: yule baba alimwona mwanawe akali mbali. Angemwonaje, kama si kwamba macho yake yalikuwa njiani kila siku?

MGENI ALIYEKOSA NAFASI

Wenyeji wetu wa Makunduchi wanajua habari ya mgeni kuliko watu wengi. Kila mwezi wa Julai wana Mwaka Kogwa. Wanachoma kibanda cha makuti, wanaume wanachapana kwa migomba ili vinyongo vya mwaka viishe, wanaoga pwani. Na siku hiyo kila nyumba inataka mgeni. Nyumba isiyopata mgeni haifurahi. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Sasa angalia Bethlehemu. Mgeni mkubwa kuliko wote alikuja, na nyumba ya wageni ikasema, hapa hakuna nafasi! Akalazwa horini, anapolia ng'ombe (Luka 2:7). Na habari ilipelekwa kwa nani kwanza? Si kwa Kaisari Augusto. Si kwa Herode. Ilipelekwa kwa wachungaji walinzi wa usiku, watu wa zamu (Luka 2:8). We askari wa geti, unasikia? Malaika hakuanzia mapokezi, alianzia kwenye zamu ya usiku!

Wengine mnasema, "Lakini Biblia haitaji tarehe 25 Desemba." Kweli kabisa, haitaji. Kanisa la Rumi lilianza kuishika siku hiyo katika karne ya 4. Mimi sikugombezi kwa tarehe. Nakuuliza: alizaliwa Bethlehemu, je, amezaliwa MOYONI MWAKO? Unaweza kuijua tarehe na bado ukakosa nafasi ya Mgeni.

PALIPOKUWA NA MNYORORO

Siku utakapokwenda mjini, pita Mkunazini. Pale palikuwa na soko la watumwa. Watu walifungwa minyororo na kuuzwa kama mbuzi. Mwezi wa Juni 1873 soko lilifungwa, na siku ya Krismasi ya mwaka ule ule, tarehe 25 Desemba 1873, likawekwa jiwe la msingi la kanisa kubwa unaloliona. Inasimuliwa kwamba madhabahu imesimama pale palipokuwa na mti wa kuwachapia watumwa.

Tafakari hilo. Mahali pa kilio pakawa mahali pa sala. Yesu hakuja kupamba soko la watumwa kwa taa na pamba. Alikuja kuwafungua waliofungwa (Luka 4:18).

Na wewe mnyororo wako ni upi? Pombe? Unga? Kubeti kwenye simu mpaka hela ya kodi inaisha? Mke au mume wa mtu? Uongo unaomwambia mama kila mwaka, "nakuja"? Krismasi nyingi umeziongezea mnyororo, halafu unaita sikukuu. Umelewa mbele ya wenyeji waliotukaribisha, wakauliza, hivi ndivyo anavyokumbukwa Yesu? Tumemwaibisha Bwana, tena kwenye siku yake mwenyewe.

ANARUDI

Alikuja mara ya kwanza kama mtoto horini. Atakuja mara ya pili kama Mfalme, na siku hiyo hakuna aijuaye (Mathayo 24:36). Kati ya kuja huku na kule, anafanya nini? Anapiga HODI. Amesimama mlangoni pako (Ufunuo 3:20). Havunji komeo. Mgeni mwenye heshima hungoja mwenyeji aseme karibu.

Mimi nilisema karibu usiku ule, miguu peku, mfukoni sina hata senti. Umeme uliporudi Unguja mwezi wa Machi, mimi nilikuwa nimeshapata nuru. Pasaka nikaenda Mpwapwa. Njia nzima nilitunga maneno ya kuomba radhi. Mama alipotokea mlangoni, hakuuliza nauli, hakuuliza kitenge. Aliuliza, "Umekula?"

Ndivyo alivyo Mungu, kijana. Sahani yako ipo, imefunikwa. Usingoje mpaka basi la mwisho lipite.

Sema naye sasa hivi, hapo hapo ulipo:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimekufungia mlango siku nyingi. Nisamehe. Naamini ulizaliwa, ulikufa msalabani kwa ajili yangu, na ulifufuka. Nikate minyororo yangu. Ingia, ukae, uwe Bwana wa maisha yangu. Amina."

Kama umeomba kwa moyo, fanya mambo haya:
1. Soma Injili ya Luka, sura moja kila siku. Ina sura 24. Ukianza tarehe 1 Desemba utamaliza mkesha wa Krismasi.
2. Tafuta kanisa linalohubiri wokovu, ujitambulishe kwa mchungaji. Usiokoke peke yako.
3. Rudisha ulichochukua cha mtu. Waombe radhi uliowakosea.
4. MPIGIE MAMA SIMU. Leo.

Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako wa zamu.

Yesu anakupenda. Karibu nyumbani!